Walichaguliwa, Sasa Udikteta Umetoka Wapi?

Kila unapopita uchaguzi wenye utata, na kila jeshi linapotangaza redioni kwamba limeshika nchi, mazungumzo ya watu huchukua njia tatu. Wapo wanaosema demokrasia ina umri wake, na sasa imezeeka inakufa. Wapo wanaowalaumu wananchi: hawajasoma, wana njaa, wanauza kura. Na wapo wanaouliza swali ambalo kwangu ni zito kuliko hayo mawili: kama rais alichaguliwa, wabunge walichaguliwa, na kila sheria ilipitishwa kwa kura, huo udikteta unaolalamikiwa umeingilia mlango gani?

Wanaouliza hivyo wana haki ya kupewa jibu kamili. Tena ukilielewa jibu hilo, zile kauli mbili za mwanzo utazipima kwa macho mengine.

Tuanze na demokrasia yenyewe. Vitabu vinaieleza kwa namna nyingi, lakini kipimo chake cha chini kabisa ni hiki: walio madarakani wanaweza kushindwa, na wakishindwa wanaondoka bila damu kumwagika. Uchaguzi ni chombo cha kufanyia kazi hiyo tu. Ili chombo kifanye kazi, lazima yawepo mambo mengine yanayoishi kati ya uchaguzi mmoja na unaofuata: mahakama inayothubutu kuikatalia serikali, tume ya uchaguzi isiyomwogopa mgombea, magazeti na redio zinazoweza kufichua wizi, watu wanaoweza kukusanyika na kusema bila kukamatwa. Yakiondolewa hayo, masanduku ya kura yatabaki, foleni zitabaki, wino wa kidoleni utabaki, lakini hakuna mtawala atakayeondoka kwa sababu yake.

Benin inalionyesha hili waziwazi. Mwaka 1991 Mathieu Kérékou, aliyekuwa ametawala tangu 1972, alishindwa katika uchaguzi wa rais na akakabidhi madaraka. Nchi ikawa mfano wa kuigwa Afrika nzima. Mwaka 2019 Benin hiyo hiyo ilifanya uchaguzi wa wabunge ambao masharti mapya ya vyama yaliwaacha wapinzani wote nje ya karatasi ya kura. Viti vyote 83 vilikwenda kwa vyama viwili, na vyote viwili vilimuunga mkono Rais Patrice Talon. Uchaguzi ulifanyika. Uwezo wa kumshinda mtawala haukuwepo.

Basi demokrasia huondokaje? Njia inayojulikana na wengi ni mapinduzi ya kijeshi: vifaru barabarani, askari studioni, katiba imesitishwa. Ndivyo ilivyokuwa Chile Septemba 1973, na ndivyo ilivyokuwa karibuni Mali, Guinea, Burkina Faso na Niger. Njia ya pili ni ya aliyemo madarakani kujipindulia nchi yeye mwenyewe, akafunga bunge ndani ya siku moja, kama Alberto Fujimori wa Peru mwaka 1992 au Kais Saied wa Tunisia mwaka 2021. Hizi mbili zinaonekana kwa macho na zina tarehe. Ya tatu haina tarehe. Wachambuzi huiita mmomonyoko wa demokrasia, na ndiyo inayowachanganya watu, kwa kuwa inafanywa na waliochaguliwa, mchana, kwa kufuata taratibu.

Kabla ya kuingia humo niseme jambo moja kuhusu askari. Mara nyingi wanapofika, raia mwenye suti alishatangulia. Guinea mwaka 2020, Rais Alpha Condé alibadili katiba akapata njia ya kugombea muhula wa tatu, na waandamanaji waliopinga waliuawa. Septemba 2021 askari walipomwondoa, watu walishangilia mitaani. Kushangilia kule hakukuwa na maana kwamba watu walitaka kutawaliwa na jeshi. Mlango wa kura ulikuwa umeshafungwa, na mwenye kuufunga alikuwa rais aliyechaguliwa.

Sasa tuutazame mmomonyoko wenyewe. Fikiria kikundi cha akiba chenye mweka hazina hodari. Faida imepanda, wanachama wamemchagua mara mbili. Mwaka wa kwanza anaomba vitabu vikaguliwe kila baada ya miaka miwili ili kupunguza gharama. Wanakubali. Mwaka unaofuata anapendekeza mkaguzi ateuliwe na kamati, na kamati ameiteua yeye. Wanakubali, kwani hajawahi kuiba. Kisha inapita kanuni kwamba mwanachama anayeeneza uvumi asimamishwe. Nani anapenda uvumi? Baadaye mtu mmoja anauliza fedha ziko wapi, naye anasimamishwa kwa uvumi. Kila hatua ilipigiwa kura, na haikuwepo siku hata moja ambayo mwanachama angeweza kusimama akasema: leo ndiyo tumeibiwa.

Hungaria ilipita katika njia hiyo hatua kwa hatua. Mwaka 2010 chama cha Fidesz cha Viktor Orbán kilipata takriban asilimia 53 ya kura, na kwa mfumo wa uchaguzi wa wakati ule kura hizo zikakipa zaidi ya theluthi mbili ya viti. Theluthi mbili ilitosha kubadili katiba. Mwaka 2011 katiba mpya ikapitishwa kwa kura za upande wa serikali peke yake. Umri wa majaji kustaafu ukashushwa kutoka miaka 70 hadi 62, na mamia ya majaji wakaondolewa kwa mpigo. Mahakama ya Umoja wa Ulaya iliamua mwaka 2012 kwamba hatua ile ilikiuka sheria za Umoja, lakini nafasi nyingi zilikuwa zimeshajazwa. Mahakama ya Katiba ikaongezwa majaji kutoka 11 hadi 15, na utaratibu wa kuwapendekeza ukawekwa mikononi mwa chama chenye wingi bungeni. Bunge likapunguzwa kutoka viti 386 hadi 199, na mipaka ya majimbo ikachorwa upya. Uchaguzi wa 2014 ulipofika, kura za chama tawala zilikuwa zimeshuka hadi karibu asilimia 45, lakini theluthi mbili ya viti ilibaki pale pale. Mwaka 2018 wafanyabiashara walio karibu na serikali walikabidhi vyombo vyao vya habari, zaidi ya 400, kwa taasisi moja, na serikali ikaiondolea taasisi hiyo ukaguzi wa mamlaka za ushindani wa kibiashara.

Hakukuwa na kifaru hata kimoja. Na kila hatua, ukiitazama peke yake, ina utetezi wake: nchi nyingi hustaafisha majaji mapema, bunge dogo huokoa fedha, mwenye gazeti ana haki ya kuligawa. Ndiyo maana kubishana kuhusu sheria moja moja hakumfikishi mtu popote. Inabidi uzipange zote pamoja uangalie zinaelekea wapi. Kama karibu kila badiliko linapunguza uwezekano wa mtawala kushindwa, na hakuna hata moja linalouongeza, umeshapata jibu lako, hata kama hakuna sheria iliyovunjwa.

Watu wengi hudhani mbinu hii ni ya zama za mitandao. Si kweli. Mwaka 1898 jimbo la Louisiana nchini Marekani lilitunga katiba iliyomtaka mpiga kura ajue kusoma na kuandika au awe na mali, huku ikimsamehe masharti hayo yeyote ambaye yeye, baba yake au babu yake alikuwa na haki ya kupiga kura tarehe 1 Januari 1867. Rangi ya ngozi haikutajwa hata mara moja, kwa kuwa katiba ya taifa ilikataza. Lakini kila mtu alijua ni akina nani waliokuwa hawana haki ya kura mwaka ule: watu weusi waliotoka utumwani. Mwaka 1896 wapiga kura weusi walioandikishwa Louisiana walikuwa 130,334. Mwaka 1904 walikuwa 1,342. Uchaguzi uliendelea kufanyika kwa ratiba yake, mwaka baada ya mwaka, katika nchi iliyojivunia demokrasia yake, na ilichukua hadi sheria ya haki ya kupiga kura ya mwaka 1965 kuanza kuirekebisha dhuluma ile. Mimi huukumbuka mfano huu kila ninaposikia kwamba demokrasia za zamani zilikuwa salama.

Inabaki kujua kwa nini watu wanakubali. Waliochaguliwa hawawezi kuyafanya haya bila wafuasi, na wafuasi hao wengi wao si wabaya.

Jibu la kwanza ni hofu ya jirani. Siasa zikishafika mahali ambapo kila upande unaamini mwingine akishinda nchi imekwisha, mpiga kura huanza kumsamehe kiongozi wake mambo ambayo angemhukumu nayo mpinzani. Utafiti wa Matthew Graham na Milan Svolik, uliochapishwa mwaka 2020, uliwapa wapiga kura wa Marekani wagombea wa kubuni, baadhi yao wakiwa na misimamo inayovunja kanuni za demokrasia. Ni sehemu ndogo sana ya wapiga kura waliokuwa tayari kumwacha mgombea wa chama chao kwa sababu hiyo. Wengi wao, ukiwauliza, watakuambia wanaipenda demokrasia, na wanasema kweli. Ila wanapochagua, wanakipenda chama kwanza. Kiongozi anayetaka kubaki daima analijua hili, kwa hiyo uadui kati ya wananchi kwake ni mtaji, na hana sababu ya kuupoza.

Jibu la pili ni kukata tamaa, na hapa Peru inafundisha mengi. Mwaka 1990 mfumuko wa bei nchini humo ulizidi asilimia 7,000. Waasi wa Sendero Luminoso walikuwa wakiua vijijini na kutega mabomu mijini. Vyama vya siku zote vilikuwa vimeshindwa, na watu wakamchagua Fujimori, mtu asiyejulikana katika siasa. Tarehe 5 Aprili 1992 alipofunga bunge na kuisambaratisha mahakama, kura za maoni zilionyesha wananchi wengi wakiwa upande wake. Miezi mitano baadaye kiongozi wa waasi, Abimael Guzmán, akakamatwa, na hadi leo wapo wanaosema: unaona, mkono wa chuma ulifanya kazi.

Lakini Guzmán alikamatwa na kikosi kidogo cha wapelelezi wa polisi kilichoundwa mwaka 1990, kabla Fujimori hajaingia Ikulu. Walifuatilia nyumba, wakachambua takataka zake, wakasubiri kwa subira. Bunge lililofungwa halikuwa limewazuia. Kile ambacho kufungwa kwa bunge kulikiwezesha ni kingine: mwaka 2000 zilivuja kanda za video zikimwonyesha mkuu wa ujasusi asiye rasmi, Vladimiro Montesinos, akigawa fedha kwa wanasiasa na wamiliki wa televisheni. Fujimori akakimbilia Japani, akatuma barua ya kujiuzulu kwa faksi, na mwaka 2009 akahukumiwa kifungo cha miaka 25 kwa makosa ya ukiukaji wa haki za binadamu. Ninalitaja hili kwa kirefu kwa sababu hoja ya mkono wa chuma ndiyo inayowashawishi watu waliochoka, na waliochoka wana haki ya kujua hesabu nzima.

Kuna pia dharura. Kila mtawala anayetaka madaraka zaidi hupenda hatari, iwe ya kweli au ya kutengenezwa, kwa maana wakati wa hatari kuuliza maswali huonekana usaliti. Hapa ndipo Ujerumani inapoingia, pamoja na kauli inayorudiwa kila mahali: Hitler alichaguliwa na wananchi.

Kauli hiyo ni nusu ya ukweli, na nusu iliyoachwa ndiyo yenye somo. Katika uchaguzi wa Novemba 1932, chama chake kilipata takriban theluthi moja ya kura, pungufu ya kilichopata Julai mwaka ule ule. Hakuwahi kupata zaidi ya nusu ya kura katika uchaguzi huru. Tarehe 30 Januari 1933 aliteuliwa kuwa kansela, yaani mkuu wa serikali, na Rais Hindenburg, kwa ushauri wa wanasiasa wahafidhina kama Franz von Papen, walioamini wangemtumia na kumdhibiti. Katika baraza lake la kwanza wafuasi wa chama chake walikuwa watatu tu, yeye akiwa mmoja wao. Tarehe 27 Februari jengo la bunge likaungua. Kesho yake amri ya dharura ikafuta uhuru wa kusema, wa kukusanyika na wa magazeti. Tarehe 23 Machi bunge likapiga kura 444 kwa 94 kumkabidhi mamlaka ya kutunga sheria bila bunge. Waliopinga ni Wasoshalisti peke yao. Wabunge wa Kikomunisti walikuwa wameshakamatwa, wamejificha au wamezuiwa. Vyama vya wastani vilipiga kura ya ndiyo.

Kwa hiyo aliyemfungulia mlango hakuwa mpiga kura wa kawaida. Walikuwa wazee wa siasa, watu wenye elimu na vyeo, waliodhani wanafanya hesabu ya busara. Linganisha na Ufini. Mwaka 1932 wafuasi wenye silaha wa Lapua, vuguvugu la mrengo mkali wa kulia, walikusanyika katika eneo la Mäntsälä wakitaka serikali iondoke. Rais wa wakati ule, Pehr Evind Svinhufvud, alikuwa mhafidhina aliyeupata urais kwa msaada wa watu hao hao. Akasimama redioni akawaambia warudi nyumbani. Wakarudi, viongozi wao wakashtakiwa, vuguvugu likapigwa marufuku. Au chukua Zambia mwaka 2001: Rais Frederick Chiluba alipotaka muhula wa tatu, waliomzuia pamoja na makanisa na wanasheria ni wabunge na mawaziri wa chama chake mwenyewe, ambao baadhi yao walifukuzwa kwa ajili hiyo. Wapinzani kupiga kelele ni kawaida. Mtawala hushtuka anapokataliwa na watu wa kwake.

Ukifika hapa, ile kauli kwamba tatizo ni wananchi wasiosoma inakosa pa kusimama. Ujerumani ya 1933 ilikuwa na vyuo vikuu vinavyoheshimiwa duniani kote. India ya 1977, ambayo wengi wa watu wake hawakujua kusoma, ilimwondoa waziri mkuu Indira Gandhi kwa kura baada ya miezi 21 ya hali ya hatari, na hata kiti chake cha ubunge akakipoteza. Umaskini nao, ni kweli, huongeza hatari. Demokrasia za nchi maskini zimevunjika mara nyingi zaidi kuliko za nchi tajiri, kwa sababu uchumi unapoanguka hakuna akiba ya uvumilivu. Lakini kuongeza hatari si kuamua matokeo.

Vipi kuhusu uzee? Kwa jumla demokrasia iliyodumu muda mrefu ni ngumu zaidi kuvunjika kuliko changa. Miaka peke yake haiui. Kinachokuja na miaka, na ambacho kinaua, ni mazoea. Venezuela ilikuwa na uchaguzi wa ushindani tangu 1958. Vyama vikubwa viwili vilipokezana madaraka na kugawana fedha za mafuta. Bei ya mafuta iliposhuka miaka ya 1980, vyama hivyo havikuwa na jipya la kuwaambia watu. Februari 1989 nauli na bei zilipopanda, maskini wa Caracas waliingia barabarani, na vyombo vya dola vikaua mamia. Miaka tisa baadaye Hugo Chávez, mwanajeshi aliyekuwa amejaribu mapinduzi mwaka 1992, akashinda kwa asilimia 56. Watu hawakuichoka haki ya kuchagua. Walichoka kuchagua kati ya walewale.

Na makosa hayakuwa ya upande mmoja. Aprili 2002 wapinzani wa Chávez walishangilia mapinduzi, na mfanyabiashara Pedro Carmona akajiapisha na kuvunja bunge na mahakama kuu. Baada ya siku mbili Chávez alikuwa amerudi, sasa akiwa na sababu ya kumwita kila mpinzani mpinduaji. Mwaka 2005 wakasusia uchaguzi wa bunge, wakamwachia viti vyote. Mwaka 2004 mahakama ya juu ilikuwa imeshaongezwa majaji kutoka 20 hadi 32. Upinzani ulipokuja kushinda bunge mwaka 2015, mahakama hiyo ndiyo iliyolipokonya bunge lile meno yake.

Muda, basi, ni jambo kubwa. Usiku wa tarehe 3 Desemba 2024, Rais Yoon Suk Yeol wa Korea Kusini alitangaza utawala wa kijeshi. Wabunge waliruka uzio kuingia bungeni, na 190 waliofika wakapiga kura ya kuufuta, wote, wakiwemo 18 wa chama cha rais. Asubuhi haijafika, amri imekwisha. Aprili 2025 Mahakama ya Katiba ikamwondoa. Yoon alijaribu kwa siku moja kile ambacho wengine hukifanya kwa miaka kumi, akakuta bunge lingali bunge na mahakama ingali mahakama.

Anayechelewa hukuta kazi nyingine kabisa, na Poland inaionja. Kuanzia 2015 chama cha Sheria na Haki kilijaza Mahakama ya Katiba na majaji wake, kikabadili chombo cha kuteua majaji, kikaigeuza televisheni ya taifa kuwa sauti yake. Oktoba 2023 zaidi ya asilimia 74 ya wapiga kura walijitokeza, na chama hicho kikapoteza wingi bungeni. Serikali mpya ya Donald Tusk ikakuta majaji wengi waliopatikana kwa utaratibu wenye utata: ukiwaondoa wote kwa amri unafanya walichofanya wenzako, ukiwaacha kosa linakuwa sheria. Ilipobadilisha uongozi wa televisheni Desemba ile, hata baadhi ya watetezi wa haki walihoji uhalali wa njia iliyotumika. Miswada ya kurekebisha mahakama ilihitaji saini ya rais aliyetoka upande wa zamani. Juni 2025 wananchi wakachagua rais mwingine, Karol Nawrocki, aliyeungwa mkono na chama kile kile cha Sheria na Haki, kwa tofauti isiyofika asilimia mbili.